Namna ya kumsukuma mwanafunzi wa Kusini aombe ufadhili unaogombewa nchi nzima

Mwongozo huu nawaandikia walimu na walezi wa wanafunzi katika vyuo vya Mtwara na Lindi. Matangazo ya ufadhili hubandikwa ubaoni, hurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na wanafunzi wenye sifa huyapita. Ukiwauliza, jibu ni lilelile: "Mwalimu, hizo ni za watoto wa Dar." Tangazo halimtoi mtu kwenye imani hiyo. Anayemtoa ni mwalimu anayemwita kwa jina.

Hatua ya 1: Waite mmoja mmoja

Matokeo ya mwaka wa kwanza yakitoka, chukua orodha ya wenye GPA ya 3.5 na kuendelea. Usiishie kwa wanaojibu maswali darasani. Mtafute na yule binti wa Newala anayekaa nyuma na kuandika vizuri kuliko wote. Muite ofisini, mwambie ulichokiona kwenye kazi yake: "Ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo nimeisoma. Hoja yako kuhusu madeni ya wakulima ina nguvu. Nataka uombe." Maneno hayo yanafanya kazi kuliko semina ya siku nzima. Akiridhia, mpigie na mzazi. Wazazi wengi hupigiwa na chuo kwa habari ya ada tu, na simu ya namna hii hubadilisha mazungumzo ya nyumbani.

Hatua ya 2: Mpe ufadhili mmoja unaomfaa

Ukimtumia viungo ishirini, hatafungua hata kimoja. Soma masharti wewe kwanza. Anayesoma uhasibu, uchumi, TEHAMA, hisabati au sayansi, mwelekeze kwenye mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2009 kwa wanaosoma vyuo vya hapa nchini. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali yetu, huangalia ufaulu wa sayansi wa kidato cha sita, kwa hiyo habari yake mpelekee mdogo wake aliyeko shuleni. Anayewaza shahada ya uzamili Uingereza ajue mapema kwamba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na kazi za kujitolea zinahesabika.

Mweleweshe pia kwamba hapa hatuzungumzii mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mkopo unarejeshwa.

Hatua ya 3: Nyaraka

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti vya sekondari, matokeo ya chuo. Kagua majina herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu ni Salum kwenye cheti kimoja na Salumu kwenye kingine, na marekebisho huchukua muda. Angalia na kalenda: dirisha la maombi likifungwa Oktoba, vijana wengi wako mashambani wanaokota korosho na wazazi wao.

Hatua ya 4: Insha

Hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Rasimu ya kwanza karibu kila mara itaanza na "Afrika inakabiliwa na changamoto nyingi". Usiikosoe kwa kalamu nyekundu. Mketishe umuulize maswali: nyumbani mnaishi kwa nini? Ni kitu gani umekiona kwa macho yako ambacho msomaji wa Dodoma hajakiona?

Mtoto wa Tandahimba ameona ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukikausha maua ya mikorosho, na anajua bei ya salfa inayopulizwa kuuzuia. Mwanafunzi wa uhasibu amekua ndani ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kwa mnada yakiwa ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008: amemwona baba yake akipeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akisubiri mnada, kisha akisubiri malipo, huku shule ikidai ada. Hilo ni somo zima la fedha. Anayesoma historia Lindi anayo Tendaguru, ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, na leo mjusi yule mkubwa amesimama Berlin. Watoto wetu hudhani mambo haya ni madogo. Nayachukulia kuwa mtaji wao mkubwa kuliko GPA.

Akishaeleza kwa mdomo, aandike hivyohivyo, halafu aongeze sentensi tatu: anataka kutatua nini, masomo haya yatamsaidiaje, atarudi kufanya kazi gani. Lugha isahihishwe mwisho, na sauti ibaki yake.

Hatua ya 5: Barua ya mdhamini

Tafadhali, walimu wenzangu, tuache barua ya "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii". Haimwambii msomaji lolote. Taja kazi aliyoifanya, nafasi yake darasani, na tukio moja ulilolishuhudia. Ipeleke wiki moja kabla ya dirisha kufungwa, kwa sababu siku ya mwisho mtandao hulemewa.

Hatua ya 6: Usaili

Kaeni walimu watatu, mumhoji kwa Kiingereza kwa nusu saa, bila kumkatiza. Rudieni hadi aache kuomba radhi kabla ya kujibu.

Akikosa, hifadhi faili lake lote na uandike kwenye kalenda yako tarehe ya dirisha linalofuata, ili umpigie wewe kabla hajakata tamaa. Akipata, mkabidhi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza amsomee insha.