Jinsi ya kusajili ardhi ya jamii: mwongozo kwa wanakijiji wa Nakuru na magharibi

Kifungu cha 63 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii zinazotambulika kwa kabila, utamaduni au maslahi ya pamoja. Lakini mpaka mjisajili, kaunti ndiyo inayoishikilia kwa niaba yenu. Haina ruhusa ya kuiuza, ila anayeitwa mezani ni kaunti, si nyinyi. Mimi kazi yangu ni kusaidia vijiji kuandaa karatasi, na hivi ndivyo tunavyoenda.

Hatua ya 1: Jueni ardhi imeandikwa nini

Nendeni afisi ya ardhi mfanye sachi, yaani mkague rekodi za ardhi hiyo. Ikiwa ina hati za watu binafsi, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kisumu, Siaya na Vihiga, mwongozo huu hautawafaa, tafuteni wakili. Ikiwa haijasajiliwa kwa jina la mtu, endeleeni.

Ikiwa ni msitu wa serikali, hapo pana kazi. Kifungu cha 62 kinaweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma, ilhali cha 63 kinasema ardhi ya mababu wa jamii za wawindaji na warina asali ni ya jamii hizo. Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, wamebanwa katikati ya vifungu hivyo viwili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliwapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na mwezi Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila, pamoja na ardhi yao kupimwa na kupewa hatimiliki. Kwa hivyo wa msituni, fanyeni hatua ya 3 na ya 4 hata hivyo, ila msitegemee hati kutoka kwa msajili wa ardhi peke yake. Njia yenu hupitia mahakamani.

Hatua ya 2: Mkutano na kamati

Mwandikieni msajili wa ardhi ya jamii, nakala kwa kamishna wa kaunti na serikali ya kaunti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inamtaka msajili atangaze mkutano kwenye gazeti na redio zinazofika nchi nzima. Siku hiyo mnachagua kamati ya kusimamia ardhi yenu, ya watu 7 hadi 15. Ushauri wangu, usio wa kisheria: anayejipanga kuwania udiwani mwacheni nje.

Hatua ya 3: Daftari la wanachama

Hapa ndipo faili nyingi hufia. Msiandike "familia ya mzee fulani, watu 9". Kila mtu mzima na mstari wake: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, ukoo, sahihi au kidole gumba. Aliye Nairobi kwa kibarua ni mwanachama vilevile; mpigieni simu.

Halafu kuna wake. Wazee wengine watakwambia aliyeolewa kutoka nje asubiri, na binti asiandikwe kwa kuwa ataolewa. Sheria inakataa yote mawili. Aliyeoa au kuolewa na mwanajamii huwa mwanachama moja kwa moja, na kumbagua mtu kwa jinsia au ndoa ni marufuku. Someni kipengele hicho kwa sauti barazani kabla kalamu haijaguswa. Daftari pungufu lina hatari nyingine: kuuza ardhi ya jamii kunahitaji thuluthi mbili ya walioandikwa. Wakiandikwa wachache, wachache hao wanaiuza.

Hatua ya 4: Ramani

Savea, yaani mpima ardhi, atakuja baadaye. Nyinyi tembeeni kwanza. Chukueni wazee, akina mama wanaochota maji na kuni, vijana wawili wenye simu za GPS, na jirani wa kila upande. Jirani akikosekana, mpaka huo utapingwa. Kila kituo kiandikwe kwa jina linalotumiwa na wenyeji, nani aliyekionyesha, na kinatumikaje: mti wenye mizinga na ukoo unaoitundika, kivuko cha mto, kaburi, mahali ng'ombe hulamba chumvi. "Kutoka kwenye mti mkubwa hadi bondeni" haitoshi. Jirani atie sahihi palepale, si wiki ijayo.

Hatua ya 5: Kuwasilisha

Mpelekeeni msajili jina la jamii, daftari, kumbukumbu za mkutano na kanuni za kamati. Bakini na nakala zilizopigwa muhuri wa kupokelewa. Upimaji utatangazwa kwa siku 60, na wenye madai hujitokeza wakati huo.

Mkiletewa notisi ya kufurushwa kabla hamjamaliza

Notisi lazima iwe ya maandishi na iwape angalau miezi mitatu. Ya mdomo kutoka kwa askari si notisi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinalinda haki ya makazi, na mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell, ilikubali kwamba hata waliojenga kwenye ardhi ya umma wana haki hiyo. Nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nakuru au Kisumu, mkaombe amri ya muda ya kusimamisha. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi, na kufungua kesi ya haki za kimsingi hakulipiwi ada. Karani akidai ada, mwonyesheni kifungu cha 22(3)(c). Bebeni notisi yenyewe, picha za nyumba zenye tarehe, na daftari.