Ratiba ya kriketi ya kijiji huanzia Januari

Kijijini kwetu hapa Kent, Uingereza, mpangaji wa mechi za kirafiki za Jumapili ni mimi, mtoto wa Mombasa. Mzee mmoja aliniuliza kama namjua Steve Tikolo, nahodha wa Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Nikamwambia namjua, kwenye televisheni. Ikatosha, nikakabidhiwa daftari.

Wapigie simu timu za vijiji jirani Januari. Ukingoja Machi, Jumapili nzuri zimeshakwenda. Aprili mimi siitaki: nyasi zimelowa, na mpira ule mgumu ukikupata vidole vikiwa na baridi, utawakumbuka wa kwenu.

Kubalianeni mapema. Sisi hucheza ova 35 kila upande (ova moja ni mirusho sita ya mpira), mrushaji asizidi ova 7, na mpigaji akifikisha mikimbio 50, yaani pointi 50, anapisha wengine. Septemba anzeni saa saba mchana, giza halingoji. Juni, mechi ya ova 20 yaweza kuanza saa kumi na mbili jioni. Saa tatu usiku mpira bado unaonekana.

Kazi yenyewe hasa ni kupata watu 11. Ukiwa nao 12 Jumatano, usifurahi: Ijumaa mmoja ana harusi, wa pili mgongo, wa tatu simu haipatikani. Nina mstaafu na kijana wa miaka 15 ambao huwaita Jumamosi usiku, hawajakataa hata mara moja. (Kijana hapigi bila helmeti, anune asinune.) Wageni wakija tisa, waazime mtu. Kuwafunga watu tisa, utamsimulia nani?

Waamuzi hutoka timu inayopiga, ndiyo maana kesi za mguu mbele ya wiketi (mpira umegonga mguu wa mpigaji badala ya vijiti vitatu vilivyo nyuma yake) haziishi. Kabla ya kurusha sarafu, manahodha waseme mbele ya wote: mwamuzi akiwa na shaka, mpigaji anabaki, na hakuna kumzomea.

Chai ni katikati ya mechi. Mimi hupeleka sambusa, za nyama chombo chake na za mboga chombo chake. Waliopiga kwanza wale kwa kiasi, maana wanarudi uwanjani kukimbiza mpira. Nimeshapoteza mechi kwa sambusa zangu mwenyewe.

Mchango kusanya kabla ya mpira wa kwanza. Aliyetolewa na sifuri huwa hana chenji.

Na kabla wageni hawajafunga mabegi, mshike nahodha wao: mwakani, Jumapili ipi?