Kuchagua programu ya kubofya ya Git: ipime kwa mgongano, si kwa rangi za matawi

Siku ya kwanza kila programu ya Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili) yenye dirisha na vitufe inapendeza. Matawi (njia sambamba za kazi) yana rangi, komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zimejipanga, kitufe cha kusukuma kazi kwenye seva kiko palepale. Ubora wake utauona siku ya mgongano, yaani matawi mawili yanapobadilisha mstari uleule, siku seva inapokataa komiti zako, au siku mtu anapobofya "tupa mabadiliko" na kazi ya asubuhi nzima ikayeyuka. Basi ipime kwa mambo hayo, kabla hujahamishia kazi halisi.

Anza kwa kupunguza orodha. Kama unatumia Linux, Sourcetree, Fork na Tower zinatoka mapema, kwa kuwa ni za Windows na macOS tu. GitHub Desktop nayo rasmi ni ya mifumo hiyo miwili; toleo la Linux hutunzwa na wanajamii. Zinazobaki ni kama GitKraken, SmartGit na Sublime Merge. TortoiseGit ni ya Windows peke yake, na hukaa ndani ya menyu ya kitufe cha kulia cha kipanya. Soma leseni pia: GitKraken ni ya bure kwa ripo (hifadhi za miradi ya Git) za umma, lakini ripo ya kazini isiyo wazi inahitaji malipo. Na kama kazi yako ni kukomiti, kuvuta na kusukuma tu, kilichomo ndani ya VS Code au kihariri cha JetBrains kinatosha. Usisakinishe kingine.

Zikibaki mbili au tatu, tengeneza ripo ya majaribio yenye mgongano wa makusudi:

```
git init jaribio
cd jaribio
echo "bei = 100" > hesabu.txt
git add hesabu.txt
git commit -m "mwanzo"
git switch -c punguzo
echo "bei = 80" > hesabu.txt
git commit -am "punguzo"
git switch -
echo "bei = 120" > hesabu.txt
git commit -am "ongezeko"
```

Kwenye Windows ziandike amri hizi ndani ya Git Bash. PowerShell 5.1 ikitumiwa na alama ya > huandika faili kwa UTF-16, na Git huiona kama faili isiyo ya maandishi. Mgongano hautaonyeshwa mstari kwa mstari, nawe utailaumu programu bure.

Sasa fungua ripo hiyo kwenye programu unayoipima na uliunganishe tawi la punguzo. Je, inaonyesha pande tatu, yaani 80, 120 na 100 ya mwanzo, au mbili tu? Bila ile ya mwanzo huwezi kujua nani alibadilisha nini. Kuna kitufe cha kughairi muunganiko wote? Kibofye, kisha hakikisha kwa `git status` kwamba kweli umerudi ulikotoka. Halafu hamia tawi la punguzo na ufanye rebase (kuzipachika upya komiti zako) juu ya tawi la mwanzo, yaani main au master. Hapa ndipo watu wengi huumia: kwenye rebase "yetu" na "yao" hubadilishana nafasi. "Yetu" huwa ni tawi unalojipachika juu yake, na komiti zako mwenyewe ndizo huitwa "yao". Programu nzuri huandika jina la tawi au la komiti kila upande. Inayoandika "yetu" na "yao" tu itakufanya siku moja ufute kazi yako ukidhani unaiokoa.

Jaribio linalofuata ni la kutupa mabadiliko. Hariri faili bila kukomiti, tupa, kisha tafuta kama kuna njia ya kuirudisha. GitHub Desktop huipeleka faili iliyotupwa kwenye pipa la taka la mfumo. Nyingine nyingi huifuta moja kwa moja. `git reflog` haitakusaidia hapo, maana hukumbuka tu mahali matawi na HEAD (komiti uliyopo sasa) vilipopita, kwa kawaida siku 90. Mabadiliko ambayo hayajawahi kuingia kwenye komiti hayamo humo.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote: programu inakuonyesha amri iliyotuma? Kwenye VS Code ziko ndani ya paneli ya Output, chaguo la Git. Kwenye JetBrains ziko kwenye kichupo cha Console cha dirisha la Git. Programu isiyoonyesha amri ikikwama, nawe umekwama. Itumie orodha hiyo kuangalia kusukuma kwa nguvu, yaani kuandika historia yako juu ya ile ya seva: inatuma `--force` au `--force-with-lease`? Ya pili hukataa kama mwenzako amesukuma kitu usichokuwa nacho. Ila ina tundu, na programu hizi ndizo hulipanua. Kinga hiyo hulinganisha seva na kumbukumbu yako ya mwisho kuhusu seva. Programu ikiwa inafanya fetch (kuleta habari mpya za seva bila kuziunganisha na kazi yako) yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, kumbukumbu husasishwa kimyakimya na kinga hupita, ingawa komiti za mwenzako hujawahi kuziona. Zima fetch ya kujiendesha kama timu yenu husukuma kwa nguvu, au tumia terminali ukiongeza `--force-if-includes`, iliyopo tangu Git 2.30.

Tatizo la kawaida baada ya kusakinisha ni hili: terminali inasukuma vizuri, programu inajibu `Permission denied (publickey)`. Ufunguo wako hauna kosa. Programu inatumia zana nyingine ya SSH (njia salama ya kuunganika na seva kwa ufunguo). Kwenye Windows, Sourcetree na TortoiseGit zinaweza kuwa zimewekwa zitumie zana za PuTTY, ambazo husoma funguo za .ppk kupitia Pageant na hazijui ulichoweka kwenye ssh-agent, kitunza funguo cha OpenSSH. Ingia kwenye mipangilio, ubadilishe kuwa OpenSSH. Kama unatumia HTTPS na GitHub, nenosiri la akaunti halikubaliwi tangu tarehe 13 Agosti 2021. Weka tokeni au ingia kupitia kivinjari.

Kwenye macOS kuna jingine: komiti inakataliwa kwa ujumbe kwamba `node` haipo, wakati terminali inaiona. Programu iliyofunguliwa kutoka Dock haisomi `.zshrc`, kwa hiyo PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu) ni fupi, na skripti za `.git/hooks`, zinazojiendesha wakati wa kukomiti, hazipati zana zilizowekwa kwa nvm (kisimamizi cha matoleo ya Node). Ifungue programu kutoka terminali ili uthibitishe. Tatizo likiisha, weka PATH kamili mwanzoni mwa skripti.

Angalia pia kama programu imekuja na Git yake. Ikiwa ya ndani ni ya zamani kuliko ya terminali, baadhi ya mipangilio hugoma: kusaini komiti kwa ufunguo wa SSH, kwa mfano, kunahitaji Git 2.34 au zaidi. Palipo na chaguo, ielekeze kwenye Git ya mfumo.

Mwisho ijaribu kwa ripo yenu kubwa kabisa, si ile ya komiti tatu. Fungua historia, tafuta komiti ya zamani, badilisha tawi, uone kama dirisha linaganda.

Ukiiacha programu, angalia ilichoandika kwenye mipangilio yako:

```
git config --list --show-origin
```

Sourcetree, kwa mfano, huweza kuacha mistari ya difftool na mergetool (zana za kulinganisha na kuunganisha faili) ndani ya `~/.gitconfig`. Ifute kwa mkono, la sivyo `git mergetool` inaweza kuendelea kuita programu ambayo haipo tena.