Kuinua Kiwango cha Kufaulu PANCE: Mwongozo kwa Walimu wa Wasaidizi wa Madaktari

Nchini Marekani, mhitimu wa mafunzo ya wasaidizi wa madaktari hapati leseni katika jimbo lolote kabla ya kufaulu mtihani wa PANCE, unaosimamiwa na tume ya NCCPA. Mtihani huo una maswali 300 ya kuchagua jibu, yaliyogawanywa katika sehemu 5 za maswali 60, na kila sehemu hufanywa kwa dakika 60. Alama hutolewa katika kipimo cha 200 hadi 800, na anayefikisha 350 amefaulu. Kwa nchi nzima, zaidi ya wahitimu 9 katika kila 10 hufaulu mara ya kwanza, lakini wastani huo huficha tofauti kubwa kati ya chuo na chuo. ARC-PA, chombo kinachotoa ithibati, hukitaka chuo ambacho waliofaulu mara ya kwanza ni asilimia 85 au pungufu kiwasilishe uchambuzi wa sababu na hatua kinazokusudia kuchukua.

Vyuo vingi hulishughulikia jambo hili wakati muda umekwisha kuyoyoma, kwa kuwalipia wanafunzi kozi ya marudio ya siku chache karibu na mahafali. Kozi hizo humfaa mwanafunzi ambaye tayari anajua na anahitaji kupanga tu anachokijua. Aliye dhaifu hutoka humo na daftari nene na hofu ileile. Kazi ianzie kwenye matokeo ambayo chuo kinayo mkononi mwaka mzima. Mtihani wa kujipima wa PACKRAT, wenye maswali 225, hufanywa na vyuo vingi mwishoni mwa mwaka wa darasani, na baada yake huja mitihani ya kufunga kila mzunguko wa hospitalini, yaani kipindi cha mazoezi katika idara moja: tiba ya dharura, tiba ya familia, upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, afya ya akili na afya ya wanawake. Fungueni jedwali moja ambalo kila mwanafunzi ana mstari wake na kila mtihani una safu yake, kisha mkubaliane mapema, kabla ya kuona majina, ni alama gani ambayo mwanafunzi akishuka chini yake ataitwa ofisini. Mwanafunzi aliyeshuka katika mitihani miwili mfululizo aitwe juma hilohilo. Tena aitwe na mwalimu mmoja atakayemfuatilia mpaka mwisho, kwa sababu mwanafunzi anayeshauriwa na kila mtu hujikuta hana wa kumwuliza alifikia wapi.

Kikao hicho kisiwe cha kumwambia asome zaidi. Mwalimu akae naye mbele ya maswali aliyokosa na amwombe aeleze kwa sauti jinsi alivyofikia jibu lake. Chukua swali hili: mwanamke wa miaka 24 anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amepata maumivu ya ghafla ya kifua na kupumua kwa shida, moyo wake unapiga mara 118 kwa dakika, mguu mmoja umevimba na unauma ukibonyezwa, na picha ya kifua haina kasoro. Shinikizo la damu ni zuri na figo zake ni nzima. Kipimo gani kifuate? Mwanafunzi amechagua D-dimer, kipimo cha damu. Akieleza, utasikia kwamba alitambua vizuri kuwa huenda damu iliyoganda imeziba mshipa wa mapafu, na anakumbuka kwamba D-dimer huhusika na ugonjwa huo. Asichokizingatia ni kwamba kipimo hicho hutumika kuuondoa ugonjwa pale uwezekano wake ni mdogo, ilhali mgonjwa huyu, kwa mguu ule na mapigo yale, ana uwezekano mkubwa na anastahili kwenda moja kwa moja kwenye picha ya CT ya mishipa ya mapafu. Kumrudisha akasome upya sura nzima ya mapafu ni kumpotezea muda; anachohitaji ni maswali mengi ya kuchagua hatua inayofuata. Kila kosa liandikwe aina yake: hakujua, alijua lakini hakuupima uzito wa dalili, alisoma swali haraka, au alibadilisha jibu sahihi. Baada ya maswali kadhaa sura ya tatizo hujitokeza yenyewe, na mara nyingi humshangaza mwanafunzi kuliko mwalimu.

Namna ya kusoma nayo ibadilishwe. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena maandishi walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya juma moja walioshinda ni wale waliojipima bila kutazama. Kwa hiyo maswali yaingizwe tangu mwaka wa kwanza, machache kila siku na yenye kuchanganya mada, badala ya kusubiri benki ya maswali inunuliwe mwishoni. Muda ugawanywe kwa kufuata mwongozo wa maudhui wa NCCPA, ambamo moyo na mishipa ya damu hubeba sehemu kubwa kuliko mfumo mwingine wowote wa mwili, na mapafu hufuata.

Wapo wanafunzi wanaohitaji uangalizi wa namna nyingine: waliowahi kuwa maafisa tabibu Tanzania au Kenya, ambao wamelazimika kuanza upya kwa kuwa NCCPA haimpokei asiyehitimu programu yenye ithibati ya ARC-PA. Uzoefu wao wodini ni hazina, lakini mtihani huu hufuata magonjwa na miongozo ya Marekani; homa yenye baka la mviringo kwa mtu aliyetoka kupiga kambi katika jimbo la Connecticut inapaswa kuwakumbusha kupe na ugonjwa wa Lyme wanaoueneza, kabla ya mengine yote.

Mazoezi ya mwisho yafanywe kwa saa: maswali 60, dakika 60, simu nje ya chumba. Mhitimu anaweza kufanya mtihani kuanzia siku 7 baada ya kumaliza programu, na ni vyema asikawie sana, ila asiyekuwa tayari asisukumwe ili kulinda takwimu za chuo. Akianguka, atasubiri siku 90 kabla ya kurudia, na nafasi zake zote ni 6 ndani ya miaka 6. Chuo kisimwache peke yake katika siku hizo 90. Jedwali lake bado lipo, na kikao cha kwanza kianzie hapo pamoja na ripoti ya matokeo inayoonyesha maeneo aliyopungukiwa. Kuhusu vyuo vinavyopandisha asilimia kwa kuwazuia wanafunzi dhaifu wasihitimu, ARC-PA huvitaka vichapishe pia idadi ya walioacha au kubakizwa nyuma, na mwombaji makini husoma majedwali yote mawili, la waliofaulu na la walioacha au kubakizwa.