Riba ya mkopo wa biashara benki wanaipangaje, na wewe unaweza kuishushia wapi

Jamani kabla hujasaini mkopo wa biashara jua kwamba ile riba inajengwa kwa vipande, na ukivijua utaona kipi kinagusika.

Cha kwanza ni bei ya hela yenyewe. Benki inakukopesha amana za watu, na wenye amana wanadai riba yao. Halafu kuna riba ya Benki Kuu, hapa Tanzania BoT walianza kuitumia Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, hiyo ndo inaongoza bei ya hela benki zinapokopeshana. Ikishuka lakini usitegemee riba ya mkopo wako ishuke kesho yake, maana amana za muda maalum benki ilishakubaliana na wenyewe kwa riba ya zamani. Ongeza mishahara, matawi na faida yao. Hapo huna la kufanya.

Pa kupambania ni kwenye hatari, yani wanajiuliza huyu asipolipa tutapata wapi hela yetu. Kwa hiyo anza kujiandaa hata miezi sita kabla, mauzo yote yapite kwenye akaunti ya biashara au lipa namba, usile juu kwa juu, maana afisa mikopo hawezi kuhesabu hela asiyoiona. Vimkopo vya kwenye simu vimalize, vinaweza kuonekana kwenye taarifa zako za mikopo. Dhamana yenye hati inakupa nguvu kuliko kiwanja cha makaratasi ya kuuziana. Ukiwa na hivyo omba wapunguze, na uende benki mbili tatu ulinganishe, watu wengi hawaombi kabisa!

Sasa hapa ndo watu wanaumia: uliza riba ni flati (inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka umalize) au ya salio linalopungua (inapigwa kwenye deni lililobaki tu). Milioni 10 kwa mwaka kwa asilimia 18 flati, riba ni 1,800,000, marejesho kama 983,000 kwa mwezi. Asilimia 18 hiyohiyo kwa salio linalopungua, marejesho ni kama 917,000 na riba yote inakuja kama milioni 1 tu. Ile flati ukiigeuza iwe ya salio linalopungua ni karibia asilimia 32, kwa sababu unalipia riba hata hela ulisharudisha.

Waambie wakuprintie ratiba ya marejesho ikiwa na ada ya mkopo na bima ndani, ukaisome nyumbani, ndo urudi kusaini.