Namna ya Kupima Ombi la Msaada Baada ya Ardhi Kutitia

Ardhi inapotitia na nyumba ya mtu ikamezwa, picha husambaa ndani ya saa chache, na ombi la mchango hufuata nyuma yake. Anayesita kutoa mara nyingi huonekana ana mkono wa birika, ilhali shaka yake inaweza kuwa na msingi kabisa, kwa kuwa anachotaka kujua ni kama fedha zake zitamfikia mwathirika au zitatumbukia shimoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Rai yangu ni kwamba shaka ya namna hii haiondolewi kwa kukagua hesabu za wachangishaji peke yake. Ni lazima kuanza na mwamba ulio chini ya shimo, kwa sababu ndio unaoamua kama msaada unaoombwa una maana.

Uliza kwanza kilichosababisha ardhi kutitia, na usiridhike na jibu kwamba ni mvua kubwa. Maji ya mvua yanapopita hewani na udongoni huchukua kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu, ambayo huyeyusha mwamba wa chokaa kidogo kidogo, hata nyufa zikawa mifereji na mifereji ikawa mapango. Katika chokaa kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka. Jasi huyeyuka upesi zaidi, na chumvi upesi kuliko zote mbili. Udongo uliolalia mwamba huo huvuja chembe kwa chembe kuingia pangoni, na uvungu hupanda taratibu kuelekea juu wakati uso wa ardhi ungali mzima, nyasi zimeota na watu wanapita. Siku dari hiyo ya udongo inaposhindwa kujibeba, huanguka kwa mkupuo. Mvua iliyonyesha usiku ule ilimalizia tu kazi iliyoanza zamani.

Mara nyingi mkono wa binadamu nao umo. Mnamo Desemba 1962, katika mgodi wa dhahabu wa West Driefontein nchini Afrika Kusini, jengo la mitambo ya kusaga mawe lilimezwa na watu 29 wakafa, baada ya maji kupampuliwa kutoka katika mwamba wa dolomaiti, ambao nao huyeyuka na kutoboka mapango kama chokaa, ili uchimbaji uweze kuendelea chini yake. Maji yale yalikuwa yakisaidia kuubeba udongo wa juu, na yaliposhuka, udongo ulianza kuteremkia mapangoni. Kandokando ya Bahari ya Chumvi, ambayo kina chake hushuka kwa takriban mita moja kila mwaka, maji ya chini ya ardhi yasiyo na chumvi huingia mahali palipoachwa na maji ya bahari na kuyeyusha tabaka la chumvi, na mashimo yaliyojitokeza huko ni maelfu. Katika jiji la Guatemala, shimo la mwaka 2010 lenye upana wa takriban mita 20 lilifunguka katika majivu ya volkano yasiyoshikamana, na wataalamu walielekeza kidole kwenye maji yaliyovuja kutoka mabomba ya majitaka.

Mchangiaji ana haja gani na habari hizi? Kama chanzo ni pampu za mgodi au bomba lililopasuka, basi yupo anayewajibika kulipa fidia, na mchango wako usigeuke kuwa njia ya kumlipia deni lake. Uliza kama madai yamefunguliwa. Hata hivyo, familia iliyolala nje haiwezi kungoja hukumu, na kwangu mimi hilo halina mjadala: fedha za chakula, kodi ya nyumba na nguo zitolewe mara moja, na ikiwezekana zitolewe taslimu mikononi mwa waathirika wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua walichopoteza.

Ombi la kufukia shimo ni jambo jingine, na hapa uwe mkali. Udongo uliomwagwa kwa lori utashuka tena kwa njia ileile ulioshukia wa kwanza. Njia inayotumiwa na wahandisi shimo linapokuwa la kiasi ni kuchimba mpaka kwenye koo, yaani mahali palipobana ambapo udongo hupitia kwenda pangoni, kisha kuliziba kwa majabali yasiyoweza kupenya, na juu yake kupanga mawe madogo zaidi, halafu kokoto, halafu mchanga, na mwisho udongo wa mfinyanzi ulioinamishwa ili maji ya mvua yasituame. Mpangilio huo huruhusu maji kupita lakini huzuia udongo. Ukisikia kwamba shimo litajazwa takataka, usitoe hata senti moja, kwa sababu mapangoni maji hupita bila kuchujwa na uchafu huo unaweza kuibukia katika visima vya mbali.

Kuhusu kujenga upya mahali palepale, historia inatosha kutuonya. Huko Seffner, katika jimbo la Florida, shimo lililomuua mtu mmoja akiwa chumbani mwake mwaka 2013 lilijazwa, likafunguka tena mwaka 2015, na tena mwaka 2023. Safari hizo mbili za baadaye hakuna aliyedhurika, kwa kuwa eneo lilikuwa limezungushiwa uzio na hakuna aliyeishi hapo. Ndiyo maana naona kuwahamisha watu ni matumizi bora ya mchango kuliko kuwajengea ukuta mpya juu ya uvungu.

Sasa ndipo uwageukie wachangishaji. Shirika la hisani lililosajiliwa England au Wales hupatikana katika rejista ya Charity Commission, tume inayosimamia mashirika hayo, pamoja na taarifa zake, na mengi ya Marekani huwasilisha kwa mamlaka ya kodi fomu ya 990, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi, ambayo ni wazi kwa umma. Usivutwe sana na asilimia ya gharama za uendeshaji, kwani gharama ya kumleta mjiolojia inaweza kuandikwa humo, nayo ni fedha iliyotumika vizuri. Kama anayechangisha ni mtu binafsi, muulize akaunti ni ya nani, ana uhusiano gani na familia, na kitakachobaki kitapelekwa wapi.

Waandikie kwa adabu: “Naomba kufahamu chanzo cha ardhi kutitia, aliyekichunguza, na kama familia itarudi mahali palepale.” Anayefanya kazi kwa uaminifu hujibu, hata kama jibu lake ni kwamba uchunguzi bado unaendelea. Kwa hiyo gawa mchango wako: sehemu ya kwanza iende kwa watu leo, na ya pili ingoje ripoti. Ripoti ikifika, tazama kwanza kina cha mashimo ya uchunguzi yaliyochorongwa na kama yalifika kwenye mwamba imara. Kama yaliishia udongoni, hayajajibu swali lako, na sehemu ya pili iendelee kungoja.