Barua ya spidi Uingereza: jinsi ya kuipata kozi, kuimaliza, na kujua we ni dereva wa aina gani

Wadau wa UK, hasa nyie wa van za deliveri na nyie wa shifti za usiku kwenye nyumba za wazee, hii ni yenu. Bahasha ya polisi imeingia mlangoni, ndani kuna namba ya gari, barabara, saa, spidi uliyokuwa nayo, na swali moja tu: nani alikuwa anaendesha? Hapo kwenye swali ndo watu wanajimaliza, wala sio kule barabarani.

Tuanze na siku zinavyohesabiwa. Polisi wana siku 14 tangu kosa kumfikishia notisi mtu aliyeandikishwa DVLA (ofisi ya leseni na usajili wa magari) kuwa na hilo gari. Gari likiwa la kampuni au la kukodi barua ya kwanza inaenda kwao, wao wanakutaja wewe, yako inakuja baadae, kwa hiyo usikimbilie kusema imechelewa haina nguvu, maana zile siku 14 ni za barua ya kwanza. Ikikufikia una siku 28 za kujibu. Jibu hata kama una mpango wa kubisha. Ukikaa kimya linazaliwa kosa jipya kabisa, la kutomtaja dereva, lenyewe lina pointi 6 (alama za makosa zinazowekwa kwenye leseni) na faini inayoweza kufika pauni 1000, wakati spidi yenyewe pengine ilikuwa pauni 100 na pointi 3 tu. Na sisi tunavyohamahama vyumba, leo Reading kesho Leicester, kadi ya gari bado ina anwani ya yule jamaa uliyefikia kwake ulipoingia nchini, barua zinarundikana kwenye korido yake we huna habari, unakuja kushtuka mahakama imeshahukumu. Kabla hujasoma zaidi nenda kabadilishe anwani kwenye leseni na kwenye kadi ya gari, ni vitu viwili tofauti na vyote ni bure.

Af kuna hili la "mwandike shemeji, leseni yake safi". Acheni jamani. Mwaka 2013 Chris Huhne, aliyekuwa waziri kabisa wa serikali ya Uingereza, alifungwa miezi 8, na aliyekuwa mke wake Vicky Pryce naye miezi 8, kwa sababu mke alibeba pointi za spidi za mume za mwaka 2003. Miaka kumi imepita, ndoa imekufa, pointi zenyewe 3. Kama waziri alilala ndani kwa hilo, we na shemeji yako sijui mnajiamini nini.

Sasa kozi, yaani lile darasa unalopewa badala ya faini na pointi. England na Wales kozi ya spidi inapewa aliyezidisha kidogo, sio aliyepaa. Hesabu wanayotumia kawaida ni hii: chukua limiti (spidi zote hapa ni maili kwa saa), ongeza asilimia 10 yake, ongeza maili 2, hapo ndo mlango unafunguka, na unafungwa kwenye asilimia 10 kujumlisha maili 9. Kwa hiyo kwenye 20 ni kuanzia 24 mpaka 31, kwenye 30 ni 35 mpaka 42, kwenye 40 ni 46 mpaka 53, kwenye 70 ni 79 mpaka 86. Ukizidi hapo kozi hakuna, unaangukia faini na pointi, na ukizidi sana ndo mahakamani. Pia usiwe umeshafanya kozi hiyohiyo ndani ya miaka 3, wanahesabu tarehe ya kosa mpaka tarehe ya kosa. Scotland hawana kozi ya spidi, ukipigwa picha Glasgow usisubiri ofa.

Ofa haiji mpaka ukubali kwamba dereva ulikuwa wewe. Ukiipata, unaingia kwenye mtandao, unachagua mtoa kozi yeyote, sio lazima wa eneo lile ulilokamatwa, unalipa kati ya pauni 80 na 100 hivi. Hela ni karibu ileile ya faini, ila unaondoka bila pointi hata moja. Na kwa aliyepasi juzi hiyo tofauti ni kubwa mno: pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu upasi mtihani wako wa kwanza hapa, leseni inafutwa, unarudi kuwa lena (mwanafunzi wa kuendesha), unafanya nadharia na barabara upya. Hawajali kama Dar uliendesha daladala miaka 15, kwao we ni dereva mpya. Simu mkononi peke yake ni pointi 6 na pauni 200, na hapo usitegemee kozi ya kukuokoa.

Haya, ndani ya kozi utamkuta nani? Watu wanadhani ni vijana wa magari ya kunguruma. Kwa mwaka watu zaidi ya milioni moja wanapitia kozi ya spidi peke yake, kwa hiyo utakutana na mwalimu, nesi, fundi bomba, bibi wa miaka 70 aliyeendesha tangu ujana bila doa, na wewe. Wahuni wa kweli hawafiki, walishavuka mno ile namba ya juu wako mahakamani. Ni watu wa kawaida, ila wanakosea kwa sababu tofauti, na ukijijua mapema we ni wa kundi gani utatoka na kitu, la sivyo utakaa kwenye skrini unahesabu dakika.

Kundi kubwa kwetu sisi ni wasioijua limiti. Sio kwamba wanadharau, hawajui inasomwaje pale ambapo hakuna kibao. Kanuni ni taa za barabarani: ukiona nguzo za taa zimepangana na hakuna kibao kinachosema vingine, England ni 30, na Wales tangu tarehe 17 Septemba 2023 ni 20. Hiyo ya Wales imewanasa wengi wanaotoka Bristol, wanavuka daraja la kuingia Wales na miguu bado iko England. Kile kibao cheupe chenye mstari mweusi wa mshazari nacho watu wanakitafsiri "kanyaga utakavyo", kumbe maana yake ni 60 kwenye barabara ya njia moja moja na 70 kwenye ile iliyogawanywa katikati, tena hiyo ni kwa gari dogo. Van ya deliveri, ile kubwa ya Transit, ni 50 na 60. Nimeona watu wanabishana na barua wiki nzima, "lakini pale ni 60 kaka", ni kweli ni 60, kwa Yaris. Dawa ya kundi hili ni rahisi kuliko yote, ukiambiwa kanuni ya nguzo mara moja huisahau.

Wa pili ni wanaokimbizana na saa. Mhudumu wa wazee majumbani ana wateja sita asubuhi, ofisi imempa dakika kumi kati ya nyumba na nyumba, nyumba zenyewe ziko dakika ishirini. Huyu anajua limiti vizuri sana. Mpe hesabu badala ya mahubiri: maili 10 kwa spidi ya 30 ni dakika 20, kwa 35 ni dakika 17 na kitu. Umeokoa chini ya dakika 3, na hapo nimejifanya hakuna taa nyekundu hata moja, hakuna basi, hakuna lori la taka. Kwa mjini hizo dakika 3 hazipo. Tatizo lake liko kwenye ratiba na wakufunzi wazuri wanalisema hilo waziwazi, mtu wa hivi inabidi aongee na ofisi, akae na meneja amuonyeshe hizo safari kwenye ramani. Mguu peke yake hautamtibu.

Wapo wanaoendeshwa na gari la nyuma. Yuko kwenye 30, BMW imemganda, taa zinamulika, anaongeza kidogo, anaongeza tena, kamera inampiga yeye, BMW inapita zake. Wengi wa hawa ni wapole na ni wageni wa nchi, wanaona aibu kuwachelewesha wenyeji. Jibu ni moja tu, achia nafasi kubwa mbele yako, ukipata pa kupishana mpishe, usiongeze hata maili moja. Picha inakuja kwa jina lako.

Kuna mwenye hasira pia, hakosi. "Hizi kamera za kukusanya hela tu." Anakaa kamera ya kompyuta yake imeelekezwa dari, anajibu kwa neno moja. Ukiwa wewe, hasira zako ni haki yako ila fahamu ushiriki ndo masharti yenyewe, mkufunzi akiona hushiriki anaweza kukutoa, na ukitolewa unarudi kwenye foleni ya faini na pointi.

Wa mwisho, na kwangu mimi ndo mgumu kuliko wote, ni mkongwe. Miaka 30 barabarani, "mi gari naijua". Huyu kanuni anazo, kinachomponza ni kuamini mguu wake wa breki. Namba za Highway Code (kitabu cha kanuni za barabarani cha huku) ndo zinamnyamazisha: kwa maili 30 gari linasimama baada ya mita 23, kwa 40 mita 36. Sasa weka mtoto mita 23 mbele. Wa 30 anasimama miguuni pa mtoto. Wa 40 anatumia mita 12 kushtuka tu, zimebaki 11 za kufunga breki wakati yeye anahitaji 24, kwa hiyo anafika pale kwa mtoto bado ana karibu maili 30. Soma tena hiyo hesabu. Kazidisha 10, kagonga kwa 30. Binafsi naona hii ndo nusu ya thamani ya kozi nzima.

Na je inasaidia au ni geresha? Mwaka 2018 kampuni ya utafiti ya Ipsos MORI waliifanyia tathmini kwa ajili ya wizara ya usafiri, wakakuta kwenye miezi 6 baada ya ofa, walioingia kozi uwezekano wao wa kurudia kosa ulipungua kati ya asilimia 12 na 23. Sio muujiza, ila faini tupu haikufikisha hapo.

Siku yenyewe. Nyingi sasa ni za mtandaoni, karibu masaa mawili na dakika 45. Hakuna mtihani, hakuna kufeli, ila: leseni mkononi maana wanakagua sura, kamera na maiki zifanye kazi, uwe chumba chenye utulivu peke yako, usiwe kazini wala kwenye gari (ndiyo, watu wanajaribu kuifanya wakiwa kwenye gari), ingia mapema maana mlango ukifungwa umefungwa. Intaneti ya kuungaunga itakutoa, kama nyumbani inasumbua omba chumba kwa rafiki au tafuta kozi ya darasani, bado zipo. Kiingereza kikikupa shida usikae kimya, wapigie watoa kozi kabla ya kulipa uulize utaratibu wao wa mkalimani. Mkufunzi atakuuliza kwa nini ulizidisha. Sema ukweli, haendi polisi na majibu yako, anapeleka taarifa moja tu, kwamba umemaliza.

Pombe ni habari nyingine kabisa, msichanganye. Kule hakuna kukwepa mahakama: unafungiwa kuendesha angalau miezi 12, na kozi inakupunguzia robo ya adhabu, 12 inakuwa 9. Ni masaa 16, yanagawanywa kwa siku kadhaa, gharama isizidi pauni 250. Hakimu akikuuliza kama unaitaka, useme ndiyo palepale, huwezi kurudi baadae kusema nimebadili mawazo. Darasa lake nalo lina sura yake, wengi ni wanaume, na wapo wasiojiona walevi kabisa kwa sababu walikamatwa asubuhi wakienda kazini. Mwili unaondoa kama yuniti moja (kipimo cha pombe cha huku) kwa saa. Nusu ya chupa ya kawaida ya whisky ni yuniti 14, ukianza saa 3 usiku kwenye harusi, saa 1 asubuhi zimeondoka kama 10, zilizobaki unazo kwenye usukani, na kahawa na kuoga hakuziondoi. Limiti ya England na Wales ni maikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi, Scotland tangu Desemba 2014 ni 22. Ukifika 87.5, au ukikataa kupuliza, DVLA hawakurudishii leseni bila vipimo vya daktari, hata kama kozi umemaliza.

Bima sasa, maana ndo swali linaloulizwa kuliko yote. Kozi ya spidi sio hukumu, haiandikwi kwenye leseni, kwa hiyo kampuni ikiuliza tu kuhusu pointi na hukumu, huna. Ila baadhi yao wanauliza wazi "umewahi kuhudhuria kozi?" na hapo jibu ni ndiyo, kudanganya kunaweza kukufutia bima siku ya ajali. Ukichukua pointi badala ya kozi, zinakaa kwenye leseni miaka 4, japo za kuhesabiwa kufikia pointi 12 za kufungiwa kuendesha ni ndani ya miaka 3. Ya pombe inakaa miaka 11.